Si Kila Mchina ni Mtoto wa Pekee: Dhana Potofu Kuhusu Familia za China

Mwaka 2011 TBC ilionesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, kuhusu binti wa Beijing anayeolewa na kujikuta ana mama wakwe wawili, kwa kuwa wazazi wa mumewe walitalikiana na baba akaoa tena. Ilivuma kiasi kwamba Rais wa China, Xi Jinping, aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Hata hivyo, familia ya Kichina inayosimuliwa vijiweni na mitandaoni bado ni ile ya mzee mwenye ndevu nyeupe anayetawala nyumba ya watu thelathini, mpaka serikali ilipoamuru mtoto mmoja na kila kitu kikasambaratika. Habari hiyo ina ukweli kidogo na chumvi nyingi.

Dhana: Zamani kila familia iliishi vizazi vitano chini ya paa moja.

Hiyo ilikuwa ndoto, na wachache ndio walioifikia: matajiri wenye ardhi ya kutosha kulisha vinywa vingi. John Lossing Buck, Mmarekani mtaalamu wa uchumi wa kilimo, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nanjing walichunguza mashamba zaidi ya 16,000 katika mikoa 22 kati ya 1929 na 1933, na wakakuta kaya ya kawaida ina watu watano hivi. Watoto wengi walikufa wachanga, na wazee hawakuishi sana. Tena urithi wa Kichina haukumpendelea mzaliwa wa kwanza kama ilivyokuwa Uingereza. Watoto wa kiume waligawana sawa. Baba akifa, na mara nyingine akiwa bado hai, ndugu waligawana vyumba, mashamba, hata vyombo, na kila mmoja akawasha jiko lake. Wake wakishapika mbali mbali, familia zimekuwa mbili, hata kama ukuta ni ule ule.

Kwa hiyo kaya ya watu 2.62, wastani uliotolewa na sensa ya 2020, ni ndogo kweli, lakini haikushuka kutoka thelathini.

Dhana: Wazazi ndio wanaowachagulia watoto wachumba mpaka leo.

Sheria ya Ndoa ya 1950, mojawapo ya sheria za mwanzo kabisa za serikali ya Mao, ilipiga marufuku ndoa za kulazimishwa, masuria na uchumba wa watoto. Mjane aliruhusiwa kuolewa tena, na mke akapata haki ya kudai talaka. Wanawake walimiminika mahakamani. Vijijini wanaume na mama wakwe waliona wameibiwa mali, maana mke alikuwa amelipiwa; wapo wanawake waliouawa au kujiua kwa sababu ya kudai haki hiyo. Nadhani mwaka huo uliibadilisha familia ya Kichina kuliko mwaka wowote uliofuata, ingawa nje ya China hautajwi sana.

Wazazi, hata hivyo, hawakukaa kimya. Katika Bustani ya Watu mjini Shanghai, kila mwisho wa wiki wanakusanyika na karatasi walizobandika juu ya miavuli: umri wa kijana, urefu, kazi, mshahara, na kama ana nyumba. Mara nyingi kijana mwenyewe hayupo, na wengine hawajui kama wananadiwa. Mahari nayo ipo, hasa vijijini, na imepanda hadi Mahakama ya Juu ya China ikatoa kanuni, zilizoanza kutumika Februari 2024, za lini irudishwe ndoa ikivunjika. Mswahili anayeijua mahari ya kwao hatahitaji kufafanuliwa ugomvi huo.

Vijana wengi wanajibu kwa kutooa kabisa. Ndoa zilizosajiliwa mwaka 2013 zilizidi milioni 13. Mwaka 2024 zilikuwa milioni 6.1.

Dhana: Sera ya mtoto mmoja ndiyo iliyopunguza watoto, na kila Mchina alibanwa na mtoto mmoja.

Hapa ndipo penye makosa mengi zaidi, tuanze na tarehe. Barua ya wazi ya Chama cha Kikomunisti iliyowataka wanachama wazae mtoto mmoja ilitolewa tarehe 25 Septemba 1980. Lakini mwaka 1970 mwanamke wa Kichina alizaa wastani wa watoto karibu sita, na kufikia 1979 walikuwa chini ya watatu. Anguko kubwa, basi, lilitangulia barua. Lilitokana na kampeni ya miaka ya 1970 iliyowahimiza watu, mara nyingi kwa shinikizo, waoe kwa kuchelewa, wapishanishe uzazi na wazae wachache.

Halafu sera yenyewe haikuwa moja. Kuanzia 1984, mikoa mingi iliwaruhusu wanavijiji ambao mtoto wao wa kwanza ni wa kike kupata wa pili. Makabila madogo, kwa mfano Watibeti na Wauighur, yaliruhusiwa wawili, pengine watatu. Mtoto wa pekee ni hasa mtoto wa mjini.

Hayo hayaifanyi sera kuwa ya huruma. Kulikuwa na faini za kufilisi, kufungwa uzazi kwa nguvu na mimba kutolewa kwa lazima. Wenye kutaka mtoto wa kiume walitumia vipimo vya mawimbi sauti kujua jinsia mapema, na kufikia 2004 walizaliwa wavulana 121 kwa kila wasichana 100, wakati kawaida ni 105 hivi. Waliozaliwa nje ya kibali walifichwa. Sensa ya 2010 ilikuta watu milioni 13 hivi wasio na uandikishaji wa makazi, yaani bila njia ya kawaida ya kwenda shule au hospitali.

Mwaka 2016 watu wote waliruhusiwa watoto wawili, na 2021 watatu. Mwaka 2016 walizaliwa watoto karibu milioni 18. Mwaka 2023 walizaliwa milioni 9. Kizuizi kiliondolewa, lakini bei za nyumba, gharama za masomo na saa ndefu za kazi zilibaki, na mwanamke mwenye mimba bado anahofia kibarua chake.

Dhana: Mke wa Kichina huchukua jina la mume.

Hapana. Hubaki na jina la ukoo wa baba yake. Watoto kwa kawaida huchukua la baba, ingawa sheria inaruhusu la mama.

Dhana: Wachina wa sasa wamewatupa wazee na watoto vijijini.

Sensa ya 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 376 wanaoishi mbali na walikoandikishwa. Kwa mfumo wa uandikishaji wa makazi uliowekwa 1958, mtoto wa kibarua aliyehamia mjini hupata shida kuingia shule ya serikali huko. Basi anaachwa kwa bibi, na fedha zinatumwa. Wapo pia wazee wanaofanya safari ya kinyume: wanaacha mashamba yao kwenda kulea wajukuu kwenye magorofa ya Beijing au Shenzhen, wasikojua mtu. Katiba inawataka watoto wazima kuwatunza wazazi, na tangu Julai 2013 sheria inawataka wawatembelee mara kwa mara.

Dhana: Talaka ni balaa la kisasa.

Sheria za kale zilimpa mume sababu saba za kumfukuza mke, ikiwemo kukosa mtoto wa kiume na, niamini, kuongea kupita kiasi. Mke alilindwa kama alikuwa ameomboleza vifo vya wakwe zake, kama mume alitajirika baada ya kumwoa akiwa maskini, au kama hakuwa na kwao pa kurudi. Leo wanaokubaliana kuachana wanatakiwa kusubiri siku 30, kanuni iliyoanza Januari 2021. Ndani ya siku hizo mmoja wao peke yake anaweza kuliondoa ombi, na mwenzake huanza upya au huenda mahakamani.