Mgeni wa mama: dhana potofu kuhusu kujifunza Kiswahili nyumbani kwa watu

Nyumbani kwa mama, Kihesa, Iringa, tumeshapokea wanafunzi wa kigeni mara tano. Wanafika mwezi wa sita na kukaa wiki nane. Asubuhi wanasoma Kiswahili darasani, na kuanzia mchana ni watoto wa nyumba. Kila mwaka majirani wanarudia maneno yaleyale juu yao, na wageni nao wanafika na maneno yao waliyopewa huko kwao. Mengi si kweli. Ninapoyajibu ninamkumbuka zaidi mmoja, binti wa miaka ishirini kutoka Minnesota, jimbo la baridi kali huko Marekani, kwa sababu yeye alikosea waziwazi na sisi tukakosea zaidi yake.

"Ukikaa na watu, lugha inaingia yenyewe"

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na inaaminiwa pande zote mbili. Wiki mbili za kwanza binti yule hakujifunza karibu chochote nyumbani kwetu. Mama alimkalisha sebuleni, akamwashia televisheni, akamletea chai na mkate wa siagi. Mdogo wangu wa kidato cha tatu aliona amepata mwalimu wa Kiingereza wa bure, akamganda kama kupe. Mimi nilizungumza naye polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba ni kiziwi, tena Kiswahili cha kukatakata: "Wewe kula? Wewe lala?" Mtu atajifunza nini kwa lugha ya namna hiyo? Kiswahili chetu cha kweli kilikuwa jikoni, kinapita mbio na vicheko juu, naye anakisikia kwa mbali kama redio ya jirani.

Wahenga walishasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa siku ya kumi na tano, tena kwa shida ya mikono tu. Mahindi yalikuwa yameshaletwa kutoka shamba, yamerundikwa uani, na mama akaona hatutayamaliza. "Mwambieni na yeye aje." Akaja, akapewa kigoda. Mtu anayepukuchua mahindi mikono yake ina kazi lakini mdomo hauna, na hakuna anayemkodolea macho kusubiri jibu. Akaanza na majina. Hiki nini? Gunzi. Yakiwa mengi? Magunzi. Jioni ya tatu akamwuliza mama, "Mama, hili limeoza, nilitupe?" Mama akajibu, "Hapana, wape kuku," akaendelea na hadithi yake ya msibani, hata hakugundua kwamba ameulizwa sentensi kamili yenye ngeli zake zote mahali pake. Mimi niligundua, nikanyamaza ili nisimharibie.

Taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake inakadiria kwamba msemaji wa Kiingereza anahitaji wiki 36, yaani saa 900 hivi za darasani, ili afanye kazi kwa Kiswahili. Kijapani kinataka wiki 88. Sasa piga hesabu ya mgeni wetu: saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki nane. Ni saa 160. Anayeahidiwa kwamba atarudi kwao anaongea kama mzaliwa wa hapa anauziwa mbuzi kwenye gunia. Uani kwetu anaongeza saa nyingi, ndiyo, lakini kwa sharti kwamba awe uani, si sebuleni.

"Kiswahili kizuri kiko pwani, Iringa mtampotosha"

Hili tunaambiwa hata na Watanzania wenzetu, na kuna chembe ya ukweli ndani yake. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja; ndivyo walivyoamua katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha kwa Afrika Mashariki yote. Lakini bara hakikufika jana. Wajerumani walikitumia kutawala huku juu, na neno "shule" lenyewe walituachia wao. Tangu 1967 kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi nchi nzima. Iringa mjini Mhehe anauziwa nguo na Mkinga, jirani yake ni Mbena, na dereva wa daladala ni Mnyakyusa. Wataongea nini kama si Kiswahili?

Kinachomchanganya mgeni si Kihehe, ni Kiswahili chetu wenyewe. Binti alirudi siku moja kutoka darasani na daftari lenye wino mwekundu. Alikuwa ameandika, "Bibi wa jirani anakujaga kila jioni." Mwalimu alikata akaandika juu yake "huja". Akamletea mama daftari kama mtu anayeshitaki: si mnasema hivi? Mama akacheka mpaka akakaa chini. Tunasema, kweli. Hiyo "-ga" ya mwisho inatoka katika lugha zetu za Kibantu za bara, inaonyesha jambo la kila siku, na nusu ya nchi wanaitumia bila kuona haya. Nilimwambia anachoandika kwenye mtihani na anachosema jikoni ni nguo mbili, na mtu mwenye akili ana zote mbili kabatini. Mwalimu wake hakuipenda hoja hiyo.

"Kiswahili ni rahisi"

Kukisoma kwa sauti ni rahisi, kwa kuwa kinatamkwa kama kilivyoandikwa. Baada ya hapo kuna ngeli. Muulize yeyote aliyelala usiku wa manane akijaribu kuelewa kwa nini ni "kiti hiki kizuri" lakini "kiongozi huyu mzuri".

"Salamu ni 'jambo', basi"

Alifika na "jambo" yake kutoka kitabu cha watalii. Aliporushia bibi wa jirani salamu hiyo, bibi alimtazama kama anayesubiri sentensi iishe. Tukamfundisha shikamoo. Kwa wiki nzima akamwamkia kila kiumbe, hadi kijana wa bodaboda wa rika lake, naye yule akaitikia "Marahaba, mwanangu" kwa furaha isiyo na kifani. Tatizo ni kwamba sisi wenyewe hatuna kipimo cha kumpa. Hakuna umri ulioandikwa popote. Unaangalia kama anaweza kuwa mzazi wako, unaangalia undugu pia, maana mama mdogo anaweza kuwa rika lako na bado ukamwamkia. Nilijaribu kumwelezea nikagundua sijawahi kuliwaza.

Tena kuna "pole". Sufuria ilimponyoka, maji yakamwagika, nyumba nzima tukasema, "Pole!" Akauliza kwa nini tunaomba msamaha wakati hakuna aliyemsukuma. Ilichukua siku kadhaa kumwonyesha kwamba pole haibebi kosa, na kwamba mtu anaweza kupewa pole kwa kazi, kwa safari, kwa baridi, kwa kufiwa. Siku aliyomkuta mama akitoka shambani akasema mwenyewe, "Pole na kazi, mama," mama alifunga safari hadi kwa majirani kuwasimulia.

Sokoni alijifunza "kamwene", salamu ya Wahehe na Wabena. Mama muuza mboga akamwongezea fungu la mnafu. Kuna walioniambia Kihehe kitampotezea muda. Neno moja, fungu moja la mboga; mimi sioni hasara.

"Wenyeji wanatajirika"

Majirani wanaamini tuna dola chini ya godoro. Hela tunayopewa inatosha chakula chake, gesi na maji ya kunywa, na mwaka mmoja ilifika mgeni akiwa ameshapanda ndege. Tuendelee.

"Afrika ni joto"

Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Julai asubuhi unaongea mvuke unatoka mdomoni. Alikuja na kandambili na magauni mepesi, mtu wa Minnesota! Sweta tulimnunulia mitumbani, na aliondoka nalo.

Mwaka jana alipiga simu. Mama akaweka sauti ya juu ili sote tusikie, akauliza kama kawaida yake, "Unakulaga vizuri huko?"

"Nakulaga, mama. Ila mnafu huku hakuna."