Mama Karanga Hauzi Karanga

Juzi usiku mwana wa kaka yangu alinitumia ujumbe. "Shangazi, shikamoo. Kesho kutwa naanza kuendesha kipindi cha asubuhi. Nimejiandaa kikamilifu, nina maswali kumi na tano." Chini yake yakafuata hayo maswali, yamepangwa kwa nambari kama mtihani wa darasa la nane. Mgeni wake wa kwanza ni mama karanga wa hapa hapa Malindi. Swali la nne lilikuwa hili: "Karanga zako unazitoa wapi?"

Kwa mliokulia bara: mama karanga hana njugu hata moja. Ni mwanamke anayenunua samaki kwa wavuvi, akawakaranga kwenye karai, akawauza. Kijana amelelewa Thika, kwa hiyo hilo namsamehe, na nimecheka mpaka mume wangu akauliza kutoka chumbani kuna nini. Sentensi iliyonikosesha usingizi ni ile ya juu yake. "Nimejiandaa, nina maswali." Nimeisikia kwa watangazaji wa kila umri, mbele ya kioo cha kupakia poda, huku mgeni akingoja nje na chai inapoa. Nimetayarisha vipindi vya asubuhi vya televisheni miaka mingi kabla ya kurudi Malindi, na nasema bila kupepesa macho: mtangazaji mwenye maswali mengi ndiye, mara nyingi, aliyejiandaa kidogo kuliko wote.

Tuanze na hesabu, maana ni fupi. Kipindi cha saa tatu hadi saa tano hakimpi mgeni mmoja saa mbili. Kinampa dakika nane, akibahatika. Ondoa utambulisho, ondoa salamu, ondoa muda wa mgeni kumeza mate na kuzoea taa. Zimebaki sita. Maswali kumi na tano ndani ya dakika sita ni sekunde ishirini na nne kila moja, swali na jibu pamoja. Hapo hakuna anayehojiwa.

Lakini hesabu si shida yangu kubwa. Shida ni kile ambacho orodha inamfanyia aliyeishika.

Miaka kadhaa nyuma tulimwalika fundi wa majahazi kutoka Matondoni, Lamu. Mzee alivuka maji hadi Mokowe, akapanda basi kutwa nzima, akafika studio akiwa amebeba jahazi dogo la mfano alilolichonga mwenyewe, limefungwa kwa kanga. Maswali niliyaandika mimi. Kumi na mawili, kwenye kadi nzuri za rangi ya samawati. Mtangazaji alikuwa binti mchangamfu, sauti tamu, watazamaji wanampenda.

Mzee akaeleza mkuku, ule uti wa mgongo wa jahazi, unavyolazwa, mataruma, yaani mbavu zake, yanavyosimamishwa, pamba ya kalafati inavyogongwa katikati ya mbao. Wakati anaeleza, macho ya mtangazaji yalikuwa yameshashuka kwenye kadi kutafuta linalofuata. Halafu mzee akanyamaza kidogo. Akapitisha kidole gumba kwenye omo, ile ncha ya mbele ya lile jahazi, taratibu, kama mtu anayepima ukali wa kisu. Akasema, "Hiki ndicho cha mwisho, mwanangu. Mato hayaoni mstari tena."

Na mtangazaji wangu akajibu, "Waaah, hongera sana, mzee! Na je, ni changamoto zipi mnazopitia?"

Mzee akamtazama. Akalitazama jahazi. Akasema, "Changamoto ni nyingi."

Ndani ya chumba cha mitambo nikaangalia sakafu, kwa sababu swali la changamoto lilikuwa nambari saba na mwandiko ulikuwa wangu.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu ndipo watu wanaponichosha. Ukimwonyesha mtu kipande kile atasema binti hakusikiliza. Kweli, hakusikiliza. Lakini angesikilizaje? Hakujua kwamba Kiamu, Kiswahili cha Lamu, husema "mato" pale wengine tunaposema "macho". Hakujua kwamba fundi wa Matondoni akisema hiki ni cha mwisho, amekutangazia msiba, hajakuonyesha bidhaa. Alikuwa na maswali kumi na mawili na hana hata jambo moja la kumwambia jibu lipi ni zito. Kusikiliza si adabu tu. Unasikia kile ulichokwisha kukijua nusu. Angekuwa na hayo mambo mawili kichwani, na kadi tupu, angenyamaza, na ule ukimya wa sekunde tatu ungekuwa televisheni bora kuliko mwezi mzima wa vipindi vyetu.

Huko ndiko kujiandaa ninakokusema mimi. Unajua majibu ya kutosha ili lile usilolitarajia likipita ulidake.

Kuna maswali matatu ambayo ningeyapiga marufuku kama ningekuwa na rungu: tueleze safari yako, changamoto ni zipi, neno lako la mwisho kwa vijana. Yanaulizwa daktari wa meno, mfuga nyuki, mwizi aliyeokoka, na mbuzi naye angeulizwa kama angeweza kuvaa maiki. Swali linalomfaa kila mtu halimjui yeyote.

Na kama mnadhani natia chumvi, kumbukeni tarehe 8 Mei 2006, BBC, London. Bwana mmoja kutoka Kongo Brazzaville, Guy Goma, alikwenda pale kuhojiwa kwa ajili ya kazi. Wakamchanganya na mwandishi wa teknolojia aliyeitwa Guy Kewney, wakamkalisha studio, wakamrusha hewani moja kwa moja kuzungumzia kesi ya kampuni ya Apple. Uso wake alipotambulishwa, jamani! Naye, kwa heshima zake, akajibu. Ilikuwa taarifa ya habari, si kipindi cha kochi na maua, lakini angalia kilichotokea: maswali yaliendelea vizuri tu, moja baada ya jingine. Maswali yalikuwa sawa. Mgeni ndiye hakuwa mwenyewe.

Watazamaji hupenda kusema mtangazaji ni mvivu. Wapo, nimefanya nao kazi, mmoja alikuwa akiniuliza jina la mgeni wakati muziki wa kufungulia umeshaanza kulia. Lakini wengi si wavivu. Mgeni anapatikana saa tatu usiku baada ya wawili kughairi. Maelezo yake yameandikwa na mwanafunzi aliye mafunzoni kwa kunakili ukurasa wa kwanza alioukuta kwenye intaneti. Mtangazaji anayasoma akiwa amefumbwa jicho moja apakwe wanja. Kisha akiwa hewani ana kile kidude sikioni, mwelekezi anamwambia "dakika moja, malizia, malizia, hapana, endelea, mpishi hayuko tayari". Jaribu wewe kumsikiliza mzee wa watu huku sikio la pili lina mtu anayekufokea kuhusu mpishi.

Mambo madogo nayapitia mbio. Jina la mgeni litamke mbele yake kabla ya kuingia hewani. Muulize anapenda kuitwaje, na ukikosea ukamwita sharifu wa Lamu "bro", usinipigie simu. Jua Lamu ni kisiwa na pia ni kaunti, na kwamba Shela iko Lamu na Shela nyingine iko hapa Malindi. Basi.

Sasa, kila nikisema haya hutokea mtu akaniletea Larry King, yule mtangazaji wa mahojiano wa Marekani. Kweli, alikaa CNN kuanzia 1985 hadi 2010 na hakuficha kwamba hapendi kusoma kitabu cha mgeni kabla ya kumhoji. Alitaka kuuliza anachotaka kujua mtu wa kawaida. Lakini wanaomtaja husahau kwamba alianza redio Miami mwaka 1957. Alipofika CNN alikuwa ameshakaa karibu miaka thelathini akifundishwa na wageni wenyewe. Huyo si mtu asiyejiandaa. Na hata hivyo, mwaka 2007 alimuuliza mchekeshaji Jerry Seinfeld kama kipindi chake cha televisheni alikiacha mwenyewe au kilifutwa. Kipindi kilichofungwa mwaka 1998 kikiwa kileleni, kwa uamuzi wa mwenyewe! Seinfeld alimkodolea macho, akamuuliza kama kweli hajui. Wengine husema kilikuwa kipande kizuri cha televisheni. Kilikuwa. Lakini uzuri ulitoka kwa mgeni aliyezoea jukwaa. Mwulize mama karanga swali la namna hiyo uone kama atakutania, au ataukunja mtandio wake na kujibu "ndiyo" na "hapana" mpaka dakika nane ziishe.

Maandalizi niliyowahi kuyaonea wivu yalikuwa ya mwenzangu mmoja aliyemhoji mzee wa Ngomeni, aliyefanya kazi ujanani kwenye kituo cha San Marco, yale majukwaa ya Waitaliano baharini kaskazini mwa Malindi. Yule dada aliingia bila karatasi. Baada ya salamu akauliza, "Baba, tarehe 12 Desemba 1970 ulikuwa wapi?" Mzee akakaa wima. Siku hiyo ndipo setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka pale, ya kwanza kutengenezwa mahususi kupima eksirei zitokazo angani, na kwa kuwa Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Mzee hakunyamaza tena. Swali moja tu, ila nyuma yake kulikuwa na jioni nzima ya kusoma.

Nikiri upande wangu, maana sijamaliza kugombana na nafsi yangu. Niliwahi kujirekebisha kupita kiasi. Baada ya yule mzee wa Matondoni nikaanza kuwapa watangazaji kurasa nne za maelezo. Matokeo? Mtangazaji aliyeshiba. Anauliza swali lenye jibu ndani yake, refu kama mkia wa samaki taa, na mgeni anabaki na neno moja la kusema: "Ndiyo." Nikarudi kwenye ukurasa mmoja. Hata huo sina hakika nao.

Na kuna ile simu ya jana yake. Vitabu vinasema zungumza na mgeni kabla. Sawa. Lakini mgeni akikupa kisa chake chote kwenye simu, amekimaliza. Kesho yake hewani anasema, "Kama nilivyomweleza yule mwenzako jana..." na kisa kinatoka kimepoa, bila chumvi, kimefupishwa. Siku hizi nampigia mwanawe, au jirani, au mtu anayemuuzia mafuta, yeye namwachia salamu na jina. Kuna siku hilo limeniponza pia, jirani akanipa uongo mtupu.

Turudi kwa kijana. Nilimwambia afute yote, aende sokoni mchana akakae karibu na karai, asiulize kitu, atazame. Akalalamika kwamba jua ni kali. Nikamwambia mgeni wake analijua hilo jua.

Alirudi jioni shati linanuka mafuta, amekula changu wawili na hajapunguziwa bei. Akasema, "Shangazi, kumbe wakati wa kusi bahari ikichafuka wavuvi hawatoki, na yeye mafuta ameshanunua kwa mkopo. Sasa anakaranga nini?" Nikamwambia hilo aliandike. Akaniambia pia kwamba yule mama ana karai mbili, na moja haiwashi kamwe, imefunikwa gunia. Kwa nini? Hakuuliza, nilimkataza. Nikamwambia na hilo aliandike.

Usiku akanitumia orodha mpya. Mistari mitatu. Wa kwanza kusi, wa pili karai. Wa tatu ameandika: "Changamoto (nikikwama)."