Injini ya Ndani Ikichemsha, Tazama Kwanza Maji ya Eksozi

Tangu kusi ishike, ofisi yetu ya ukaguzi wa vyombo vidogo imepokea malalamiko mengi kutoka kwa wamiliki wa mashua na boti za injini ya ndani, yaani iliyofungwa ndani ya chombo, zinazofanya safari kati ya Mtwara, Lindi na Kilwa, na karibu yote yanafanana: injini imechemsha baharini, fundi amelipwa, na baada ya majuma mawili imechemsha tena. Lawama hutupiwa uzee wa injini, au joto la maji ya bahari. Ni vyema tuelewane. Maji ya pwani yetu, hata wakati wa kaskazi, huwa karibu nyuzi joto 30, ilhali injini nyingi za dizeli zenye mzunguko wa ndani wa maji matamu hufanya kazi kati ya nyuzi 75 na 90, na tofauti hiyo inatosha kabisa kuipoza injini nzima. Joto la bahari halileti ugonjwa. Huufichua tu uliokuwepo.

Kwa injini inayotoa maji pamoja na moshi, jambo la kwanza la kutazama ni tundu la eksozi, yaani bomba la moshi. Kila injini inapowashwa, kabla kamba haijafunguliwa, nahodha ainame aone kama maji yanatoka kwa mikupuo. Yakiwa matone tu, au ukatoka mvuke mweupe mkavu, injini izimwe papo hapo, na kama chombo kiko safarini, nanga ishushwe au tanga lipandishwe ili chombo kisisukumwe kwenye miamba. Impela, yaani kizungushio chenye mabawa kilicho ndani ya pampu, ni mpira unaolainishwa na maji yaleyale unayoyavuta, na ikizunguka kavu hata kwa dakika moja inaweza kuchanika.

Baada ya hapo fuata njia ya maji tangu yanapoingia: tundu la chini ya chombo, valvu, chujio, pampu, kisha mipira ya kupitishia maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini bahari haikusikia tangazo, na mfuko mmoja ukinasa kwenye tundu la kuingizia maji hutosha kuizima safari. Wanaolaza vyombo katika ghuba ya Lindi wakumbuke kwamba Mto Lukuledi humwaga tope humo wakati wa masika, na chombo kinachowashwa maji yakiwa yamekupwa hunyonya tope hilo moja kwa moja. Mfuniko wa chujio nao, mpira wake ukichakaa, huvuta hewa badala ya maji bila kuonesha tone la uvujaji. Funga valvu kabla ya kufungua chujio, na uifungue tena kabla ya kuwasha. Agizo hili la pili linaonekana la kitoto, lakini tumekwisha kukuta impela zilizoungua kwa sababu hiyo tu.

Huko Mikindani tulikagua mashua iliyokwisha kubadilishiwa gasketi ya silinda hedi na kufungiwa impela mpya, na bado ilikuwa inachemsha. Tulipouliza impela ya zamani iko wapi, ikaletwa kutoka kwenye kopo la misumari: ilikuwa na mabawa manne kati ya sita. Hakuna aliyejiuliza mawili yalikwenda wapi. Tulifungua mpira unaotoka kwenye pampu, tukayakuta yote mawili yamejikunja kwenye kona, yakiwa yamegandiwa na chumvi. Bawa la impela halipotei. Litafutwe mpaka lipatikane, hata kama ni lazima kufungua kibadilisha joto, mahali ambapo maji ya bahari huyapoza maji matamu ya injini.

Iwapo maji ya eksozi yanatoka kwa nguvu na geji bado inapanda, punguza mwendo, toa gia, na uiache injini izunguke taratibu kwa dakika chache ili joto lisambae, kisha uizime. Usifungue mfuniko wa maji kabla injini haijapoa kiasi cha kuishika kwa mkono, kwa kuwa mvuke ulio chini ya shinikizo huunguza uso. Ndipo utazame kiwango cha maji, mkanda wa pampu, na vipande vya zinki, vinavyowekwa viliwe na kutu badala ya injini, ambavyo vikimeguka huziba kibadilisha joto. Moshi mweusi ukiambatana na joto, huenda kamba ya jarife imejizungusha kwenye propela na injini inabeba mzigo usio wake. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia ndani, usiwashe tena.

Sasa suala la themostati, valvu ndogo inayofunguka injini ikishapata joto ili maji yapite kupozwa. Tumeeleza mara nyingi, na bado kila mwaka tunakuta imetolewa na kutupwa, kwa madai kwamba injini itapoa zaidi. Bila themostati injini hukaa chini ya joto lake, dizeli haiungui vizuri, na kwa baadhi ya injini maji hupita njia ya mkato bila kupozwa, hivyo joto huongezeka. Wanaomwagia injini moto maji ya bahari kwa ndoo nao wanapasua silinda hedi kwa mikono yao wenyewe.

Tunawakumbusha pia wamiliki kwamba kuendesha chombo ambacho muda wa cheti chake cha ukaguzi umekwisha ni kosa kisheria, na mkaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) anaweza kukizuia chombo hicho. Kulipa faini hakuhuishi cheti. Ukaguzi lazima ufanyike. Aliyebadilisha injini, hata kwa kuweka ya aina ileile, atoe taarifa na alete namba mpya, hasa kama injini imetolewa kwenye lori na kufungwa pamoja na rejeta yake chini ya sitaha kusikopita upepo. Chombo kiletwe maji yakiwa yamekupwa, kilazwe pakavu ili tundu la kuingizia maji lionekane, na mmiliki mwenyewe awepo pamoja na cheti cha zamani. Kumtuma kijana asiyejua valvu iko wapi kutamlazimu mmiliki kurudi siku nyingine.