Kwa Nini Fedha za Kusafisha Udongo wa Lubumbashi Huikosa Mvua

Tanuru la shaba la Lubumbashi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lilipowashwa mwaka 1911, upepo wa kusini-mashariki ulianza kupeleka moshi wake upande wa kaskazini-magharibi, na viwanja vilivyo njiani vikapokea shaba, risasi, arseniki na kadimiamu kwa miongo mingi. Ukifika Penga Penga, eneo lililo kwenye njia ya moshi huo, mwishoni mwa kiangazi, unakuta ardhi iliyokauka na kuwa ngumu, isiyo na mti, ambayo mvua imekwisha kuichuna ngozi ya juu. Katika mitaa iliyoathirika hali ni ngumu zaidi kuitambua, kwa maana tuta la lengalenga (mchicha) laweza kustawi vizuri huku majani yake yamebeba kadimiamu. Kuyaosha huondoa vumbi tu, wala hakutoi kile ambacho mizizi imekwisha kukinyonya.

Njia ya kupunguza madhara haya inajulikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamepanda Penga Penga nyasi fupi inayostahimili shaba, Microchloa kunthii, baada ya kuchanganya udongo na chokaa na mboji. Nyasi hiyo haiiondoi sumu, bali huishika mahali ilipo ili upepo na maji visiisambaze.

Linalokwamisha ni fedha. Kampuni inayopewa kibali cha kuchimba madini leo hudaiwa dhamana ya kurekebisha ardhi, lakini uchafu wa zamani hauna dhamana yoyote, na kwa kuwa serikali ilichukua migodi na tanuru hilo mwaka 1967, mzigo umebaki kwa hazina ya umma, yaani mikononi mwa wanasiasa. Kikao cha bajeti cha Bunge la Kitaifa huanza tarehe 15 Septemba na kuisha tarehe 15 Desemba. Fungu likishapitishwa hungoja kuahidiwa, kuhakikiwa, kuidhinishwa na kulipwa, na katika kila hatua mabadiliko ya waziri au ugomvi wa viongozi unaweza kulisimamisha. Mvua zetu hushika Novemba na kukatika Aprili. Fedha zikitoka Mei hakuna la kupanda, na mwaka ukifungwa bila kutumika, fungu hufutika. Hivyo mvutano wa wiki chache hugharimu msimu mzima, pamoja na kazi za vijana ambao wangetunza vitalu vya miche na kugeuza takataka za masoko kuwa mboji. Nasema wazi kwamba hasara hii inaumiza, kwa sababu inaepukika.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, yaani ada ambayo kampuni hulipa kwa madini wanayochimba, na serikali za mitaa asilimia 15, tena kwa malipo ya moja kwa moja yasiyongoja Kinshasa. Sehemu ya fedha hizo ingeweza kutengwa kwa miaka kadhaa mfululizo. Bajeti ya jimbo inapojadiliwa, mwakilishi wako aulizwe ni kiasi gani kilitoka kweli, na kama kilitoka kabla ya mvua ya Novemba.