Kukata tumbo na sukari: tunayoambizana Dodoma

Shangazi yangu wa Nkuhungu anaenda mwaka wa tisa na sukari, juzi tumetoka kwenye kikoba ananiambia anadunduliza hela akanyonywe mafuta ili aachane na vidonge. Nikamwambia shangazi, hapo hela unaitupa. Kunyonya mafuta ni kitu kingine na operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula ni kitu kingine kabisa. Mwaka 2004 Marekani walinyonywa wanawake 15 wanene, karibu nusu wana kisukari, zikatoka kama kilo 9 hadi 10 za mafuta kila mtu, walipopimwa wiki kadhaa baadaye insulini (homoni inayoshusha sukari) ilikuwa inafanya kazi vilevile kama mwanzo. Umbo lilikubali, sukari ikagoma.

Akasema basi ataweka puto tumboni kama wale wa hospitali ya Mloganzila, Dar. Puto nalo sio operesheni, linapitishwa mdomoni na baada ya miezi linatolewa. Zile tafiti kubwa za sukari zimefanywa zaidi kwenye slivu (wanakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula) na baipasi, ambapo chakula kinaruka sehemu ya utumbo.

Afu kuna hii ya kusema sukari inashuka kwa sababu mtu amekonda tu. Kukonda kunasaidia sana ndio, ila baada ya baipasi wapo ambao sukari inashuka ndani ya siku chache, nguo bado zinawabana vilevile, kwa sababu wanakula kidogo mno na pia chakula kinawahi kufika sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo, utumbo unamwaga homoni ya GLP-1 inayoiamsha insulini. Daktari Walter Pories alishaandika habari za wagonjwa wa namna hii mwaka 1995. Hizi sindano za semaglutidi za saivi (za sukari na kupunguza uzito) zinaiga homoni hiyohiyo.

Sasa "ukikatwa umepona". Hapa ndo watu wanadanganyana. Sweden waliwafuatilia wenye kisukari waliofanyiwa operesheni za kupunguza uzito, miaka 2 baadaye 72% walikuwa hawana tena kisukari, miaka 10 baadaye wamebaki 36%. Ndo maana wataalamu hawasemi imepona, wanasema imetulia, yaani HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) chini ya 6.5% angalau miezi 3 bila dawa. Na aliyekaa nayo miaka mingi au anayechoma insulini nafasi yake ni ndogo zaidi. Shangazi alinyamaza kidogo hapo.

Kisukari aina ya kwanza usikitegemee kutulia hivi kabisa. Baada ya operesheni vitamini unameza maisha, B12 na madini ya chuma hasa, na wapenda waini yetu mjue baada ya baipasi glasi moja inapanda kichwani fasta kuliko zamani.

Nikamuuliza HbA1c yako ya mwisho ilikuwa ngapi? Akasema yeye anapimwaga ile ya kidole tu.