Nge wa njano wa Oman si yule wa Misri

Kuna mazoea ya kumwita kila nge wa njano wa jangwani, kuanzia Misri hadi Oman, Leiurus quinquestriatus, jina la kisayansi la yule wa Misri. Ni kosa. Mwaka 2014 wataalamu waliipanga upya jenasi hiyo ya Leiurus, yaani kundi la spishi za karibu, na baadhi ya nge wa Oman wakapata jina lao: Leiurus macroctenus, yaani mwenye chanuo kubwa kwa Kigiriki. Na ndipo ilipo siri. Rangi hudanganya, wataalamu huhesabu meno ya vichanuo viwili vilivyo chini ya tumbo, kisha hukagua matuta ya mgongoni na vinyweleo vya magando. Taa ya urujuanimno (UV)? Humfichua nge gizani tu, haitofautishi aina, maana karibu wote hung'aa. Ukiumwa, lakini, usihesabu meno: kimbilia hospitali.