Ukuta hauna ufa, kwa hiyo nyumba ni nzima?

"Nyumba iko safi, nimeizunguka yote sijaona ufa hata mmoja. Njoo uipitie haraka haraka nimalizane na dalali." Mimi ni mkaguzi wa nyumba, na ujumbe wa namna hii nimeuchoka, kwa sababu wanaouandika wako karibu kutoa akiba ya maisha yao yote kwa kutegemea kigezo kisichopima kile wanachodhani kinapima. Upande wa pili wapo wanaoona mstari mwembamba juu ya mlango wakaikimbia nyumba imara, wakaenda kununua ya mtaa wa pili iliyopigwa skimu (lipu laini ya juu) na rangi wiki iliyopita, huku nondo za slabu yake, yaani bamba la zege la juu, zinaliwa na kutu. Wote wana imani moja, kwamba ufa ndio hali ya nyumba. Sivyo. Ufa unaonyesha kuwa kuna kitu kilitembea. Nyumba inaweza kuwa imeharibika vibaya kabla kitu chochote hakijatembea.

Nimalize kwanza la makaratasi, maana watu wanalichanganya na ukaguzi wa jengo. Upekuzi kwa Msajili wa Hati unakuambia mmiliki ni nani na kama kuna benki au mahakama iliyoishikilia hati. Haukuambii lolote kuhusu zege. Ukaguzi wa jengo nao haukuambii kama mume au mke wa muuzaji ameridhia kuuza. Fanya vyote viwili, na umpeleke mpima ardhi akahakikishe bikoni (alama za mipaka ya kiwanja), kwa sababu uzio ulioingia kwa jirani au kwenye hifadhi ya barabara hauonekani kwa macho. Kiwanja kikiwa ufukweni au kando ya mto, kumbuka zile mita 60 kutoka majini ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inazilinda zisijengwe, uzipime kabla ya kuanza kujadili bei.

Sasa nyufa. Ufa unasomwa kwa mambo manne: umekaa wapi, unaelekea wapi, upana wake unabadilikaje kutoka mwanzo hadi mwisho, na kama bado unatembea. Urefu ndio unaowatisha watu, na ndio wenye maana ndogo kuliko vyote.

Vinyufa vilivyosambaa mithili ya utando wa buibui ni vya plasta iliyokauka upesi: saruji nyingi, mchanga mwembamba mno, jua kali, na hakuna aliyemwagilia. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Plasta ikilia ngumu, tatizo ni la rangi tu. Ikilia wazi, imeachana na tofali na sehemu hiyo itabanduliwa ipigwe upya. Ufa uliosimama wima pale nguzo ya zege inapokutana na matofali unatokana na vitu viwili vinavyotanuka tofauti, na fundi hakuweka wavu kabla ya plasta. Ufa wa mlalo chini kidogo ya slabu ya juu unaletwa na jua: mchana slabu inatanuka, usiku inasinyaa, ukuta hauwezi kuifuata. Ukiuziba kwa saruji utarudi, kwa hiyo uzibe kwa kitu kinachonyumbulika. Nyumba haitaanguka kwa ajili yake.

Ufa wa mshazari kwenye kona ya juu ya dirisha unanipeleka kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Kama haikufungwa kuzunguka nyumba nzima, inatakiwa ikalie ukuta walau milimita 150 kila upande, na wapo mafundi wanaoishia 50. Kona ya chini ya dirisha ni habari nyingine: kuta za pembeni zinaukandamiza msingi, chini ya dirisha hakuna mzigo, basi ukuta unapasuka katikati ya tofauti hiyo.

Ninaoukalia muda mrefu ni ufa wa ngazi, ule unaofuata viungio vya matofali ukipanda hatua kwa hatua. Hapo msingi umetembea. Angalia upana: ukiwa mpana juu na mwembamba chini, ncha ya nyumba ndiyo inayozama, ukiwa mpana chini, inazama sehemu ya kati. Jambo hilo moja linakuambia uchimbe wapi, na ukichimba mara nyingi unakuta chemba iliyopasuka, bomba linalovuja, au maji ya paa yanayomwagika kwenye kona ileile kila mvua. Kwenye mchanga wa pwani maji hayo yanabeba mchanga yakauondoa chini ya msingi. Kwenye mfinyanzi unaovimba, kama ule wa baadhi ya maeneo ya Kibaha na Dodoma, mambo yanageuka: kiangazi udongo unasinyaa na nyufa zinafunguka, mvua zikinyesha udongo unavimba na nyufa zinajifunga. Nyumba ileile ikikaguliwa Aprili na ikikaguliwa Septemba inaweza kutoa ripoti mbili tofauti, na zote zikawa za kweli.

Tafadhali, acheni kuniandikia "ufa mkubwa" au "ufa mdogo". Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Isipoingia, ufa huo uko chini ya milimita moja: ziba, paka rangi. Kati ya milimita 1 na 5, tafuta sababu kabla ya kuziba. Kati ya 5 na 15, milango na madirisha huanza kukwama na mabomba yanaweza kukatika. Hapo anaitwa mhandisi, fundi rangi asubiri. Zaidi ya 15, mnazungumzia kubomoa sehemu na kuijenga upya. Vipimo hivi ni vya kuta za matofali. Kwenye bimu (mihimili) na nguzo za zege havitumiki kabisa, maana huko hata milimita 0.3 ni ya kuulizwa maswali.

Mulika tochi ndani ya ufa. Rangi ikiwa imeingia mpaka ndani, ufa ulikuwepo kabla rangi haijapakwa. Kingo zikiwa kali, safi, bila vumbi, ni wa karibuni.

Na hapa niseme kitu ambacho vitabu vinakipitia mbio: kwa kufika mara moja, hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba ufa umetulia. Anayetazama dakika mbili akasema "huu umeshakaa" anakisia. Njia ya uhakika ni kuweka alama mbili, moja kila upande wa ufa, kupima umbali kati yake, kuandika tarehe, kisha kurudi kupima baada ya miezi kadhaa inayogusa mvua na kiangazi. Mnunuzi hana miezi hiyo, na dalali anamwambia kuna mteja mwingine yuko njiani. Kwa hiyo hata mimi naishia kukisia kwa ushahidi nilionao. Tofauti ni kwamba ripoti yangu inaandika wazi kuwa hilo ni kisio, ili mashaka hayo yaingie kwenye bei.

Turudi kwa nyumba isiyo na ufa hata mmoja, ambayo ndiyo inayonitia hofu zaidi, hasa ikiwa pwani na imepakwa rangi juzi.

Chumvi inaingia kwenye zege kwa njia tatu: mchanga wa ufukweni, maji ya kisima cha chumvi yaliyochanganyia zege, na upepo wa bahari. Zege lenyewe halidhuriki sana. Zinazoliwa ni nondo. Kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani. Mwanzoni huoni kitu. Baadaye unatokea mstari mwembamba ulionyooka unaofuata nondo, kisha madoa ya kahawia, mwisho vipande vinadondoka. Nyumba nyingi hupelekwa sokoni kwenye hatua ya madoa, baada ya plasta nyembamba na rangi. Unene wa zege linalofunika nondo unatakiwa uwe milimita 20 hadi 25 kwenye slabu iliyo ndani ya nyumba, 40 kwenye nguzo, 50 kwenye msingi, na penye upepo wa bahari zaidi ya hapo. Mtaani unakuta nondo zilimwagiwa zege zikiwa zimelala juu ya mbao kwa sababu hakuna aliyeweka spesa, vile vipande vya kuinua nondo.

Basi gonga. Nyundo ndogo ya gramu 200 au 300 inatosha. Anza chini ya slabu ya baraza, roshani, ngazi, ukingo wa slabu, nguzo za mbele na mnara wa tenki; gonga kila baada ya sentimita 30 ukiwa umetulia unasikiliza. Zege zima linalia kali na nyundo inaruka. Lililoachana linalia wazi, nyundo hairuki, na ukiweka kiganja kando unahisi mtetemo. Zungushia chaki. Ukimaliza, rudi nyuma uangalie michoro yako: ikiwa imejipanga kwenye mstari, umeipata nondo iliyooza. Ikiwa imetawanyika ovyo, huenda ni plasta tu, na itabidi muuzaji aruhusu ibanduliwe sehemu ndogo tuone. Akikataa kata kata, andika hivyo kwenye ripoti.

Ile nyundo ya Schmidt inayosoma namba ni chombo kizuri, lakini inapima ugumu wa uso. Ukiipiga juu ya plasta umepima plasta. Zege kuukuu nalo uso wake hugeuka mgumu kwa hewa ya miaka mingi, kwa hiyo namba inapanda kuliko hali halisi. Mtu akikuletea "nguvu ya zege" aliyoipata kwa kupiga juu ya rangi, mrudishie karatasi yake.

Unyevu wa kuta una hila zake. Rangi mpya inayoishia kiunoni, vigae vilivyopandishwa ukutani sebuleni, mapambo ya plastiki sehemu ya chini tu: vyote uviulize. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hauvuki mita moja na zaidi kidogo. Doa likiwa juu ya hapo, tafuta bomba au paa. Mara nyingi nailoni ya kuzuia unyevu haikuwekwa juu ya msingi. Mara nyingi vilevile iliwekwa, halafu mwenye nyumba akajaza kifusi na pevingi nje mpaka ikafunikwa. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu kwa milimita 150 hivi. Pima kwa futi, usikadirie.

Kipima unyevu cha sindano mbili kinadanganywa na chumvi. Kinapima jinsi ukuta unavyopitisha umeme, na chumvi inaupitisha vizuri, hivyo ukuta uliokauka lakini wenye chumvi unasoma kama umelowa. Kwa nyumba za Kigamboni au Mbezi Beach namba kubwa ni mwanzo wa kuuliza tu. Mimi hubandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50, nikaifunga kwa utepe wa gundi pande zote nne, ikakaa saa 24 hadi 48. Matone yakitokea upande wa ukutani, maji yanatoka ukutani. Yakitokea upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa na dawa yake ni madirisha.

Paa nitalipita upesi. Panda darini mchana, zima tochi, tafuta vitobo vya mwanga. Kisha iwashe utafute njia za mchwa kwenye kenchi (mbao zinazobeba paa), misumari iliyooza na madoa juu ya jipsam. Uliza geji ya bati: la 32 ni jembamba kuliko la 28, na pwani tofauti hiyo inaonekana mapema.

Maji: funga bomba zote, utazame mita ya idara ya maji kwa nusu saa. Ikisogea, kuna bomba linavuja chini ya sakafu. Mwaga maji yenye rangi chooni, ufungue chemba zote uone yanafika lini na yanafika yote. Kama kuna kisima, umbali kutoka shimo la choo unaotajwa kawaida ni mita 30, na kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 haiwezekani, kwa hiyo peleka maji maabara na usisahau kuuliza shimo la jirani liko wapi.

Umeme: fungua kava la swichi ya bafuni na la soketi moja. Taa zinatosheka na waya wa milimita 1.5 za mraba, soketi 2.5. Hita ya bafuni ya kilowati 5.5 inavuta ampea karibu 24, na ukiikuta imeungwa kwenye waya wa taa, hapo simamisha mazungumzo mengine kwanza. Tafuta waya wa ethi, uufuate hadi kwenye fimbo yake ardhini. Mara nyingine unaishia ndani ya plasta.

Mkaguzi awe amelipwa na wewe. Asilipwe na dalali wala muuzaji, wala asiwe fundi anayetegemea kupewa kazi ya ukarabati. Kwa jengo la ghorofa, mtake mhandisi aliyesajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi), na namba yake iandikwe kwenye ripoti.

Wewe unayeuza, acha kupaka rangi kabla ya mkaguzi kuja. Rangi mbichi inanilazimu nishuku kuta zote, hata zilizo nzima, na mnunuzi anakata bei kwa hofu ambayo ungeiondoa kwa ukuta wa zamani uliokauka. Ziba kinachovuja, acha ukuta ukauke wiki kadhaa, ndipo upake. Kama una picha za nondo kabla zege halijamwagwa, kibali cha ujenzi na michoro, vilete siku hiyohiyo. Picha ya simu inayoonyesha nondo zimeinuliwa kwenye spesa inamaliza ubishi ambao nyundo haiwezi kuumaliza.

Mkikubaliana bei wakati wa kiangazi, jaribuni kumwachia wakili sehemu ya malipo mpaka masika ipite. Wauzaji wengi wanakataa. Anayekubali, andikeni kabisa nani atapanda darini, mwezi gani, baada ya mvua ya namna gani, na doa la ukubwa gani litahesabiwa kuwa paa linavuja.